Chupa ya "nano" na mashine iliyokuwa kando ya kitanda cha mama

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 67 na ni mgonjwa wa kisukari. Alianza na mafua ya kawaida tu, tukampa dawa za dukani. Siku ya tano akawa anahema kama mtu aliyetoka kukimbia. Hospitali walipompima wakasema ni influenza iliyoshuka mapafuni, akalazwa siku kumi na moja, nyingi kati ya hizo akiwa kwenye oksijeni. Sasa yuko nyumbani, hajambo kiasi. Mdogo wangu ameona tangazo kwenye simu: "tiba ya nano", matone ya madini ya fedha, chupa shilingi 150,000. Wanadai Ulaya siku hizi wanatibu mafua makali kwa nano na grafini. Je, teknolojia hiyo ipo kweli? Na kama ipo, sisi tutaifikia lini? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Siku kumi na moja wodini si mchezo, kwa mgonjwa na kwa anayeshinda kwenye benchi la nje akisubiri saa ya kuingia kumwona.

Nianze na chupa. Msiinunue, na kama imeshanunuliwa mama asiinywe. Ni kweli kwamba chembe ndogo za fedha huua vijidudu kwenye sahani ya maabara, na zipo bandeji za vidonda vya moto zilizotiwa fedha. Kuinywa ni habari nyingine kabisa. Mwili hauna kazi nayo, kwa hiyo hurundikana kwenye ngozi na viungo vya ndani, na wapo watu waliozoea kuinywa wakageuka rangi, ngozi ikawa ya kijivu kama bati kuukuu, na haikurudi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitamka tangu mwaka 1999 kwamba dawa za fedha zinazouzwa bila cheti cha daktari hazina uthibitisho wa usalama wala wa kufanya kazi. Tena mgonjwa wa kisukari, ambaye figo zake tunazichunga kama yai, ndiye wa mwisho kupewa kitu cha namna hiyo.

Sasa neno lenyewe. "Nano" si dawa. Ni kipimo cha ukubwa. Nanomita moja ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni. Unywele wako una unene wa nanomita 80,000 hivi, na kirusi cha influenza kina upana wa 80 hadi 120. Mtu anayekuuzia "tiba ya nano" ni kama muuza duka anayekwambia ana spea ya inchi mbili. Spea ya nini? Kwa hiyo mimi huuliza mambo mawili: ni chembe ya kitu gani, na inaingia siku ya ngapi ya ugonjwa. Hilo la pili huulizwa na wachache, nalo kwenye influenza ndilo linaloamua karibu kila kitu.

Lugha yetu hapa inatuponza kidogo. Tukisema "mafua" tunachanganya virusi zaidi ya 200 vinavyofanya pua kuchuruzika. Wenzetu wa Kenya wakisema "nina homa" wanamaanisha mafua hayo hayo, ilhali sisi homa ni joto la mwili. Influenza imejificha humo humo ndani. Yenyewe huja kwa kishindo: asubuhi mtu mzima, jioni joto limepanda, mwili mzima unauma, kikohozi kikavu, kitandani. Wengi hupona ndani ya wiki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu kama bilioni moja huipata, milioni 3 hadi 5 huugua vikali, na kati ya 290,000 na 650,000 hufa kwa matatizo ya upumuaji yanayotokana nayo. Wanaozidiwa mara nyingi ni wazee, wajawazito, watoto wadogo, na wenye kisukari, pumu, maradhi ya moyo au kinga iliyoshuka.

Siku mbili tatu za mwanzo adui ni kirusi: kinazaliana kwa kasi kwenye njia ya hewa. Baadaye, kwa mgonjwa anayezidiwa, ugomvi unahama. Kuta za vifuko vya hewa mapafuni zimeharibika, askari wa kinga wamemiminika kwa wingi kuliko inavyotakiwa, maji yanavuja na kujaa mahali pa hewa. Bakteria wa nimonia, waliokuwa wamekaa puani kwa amani, nao hupenya. Mama alipofika siku ya tano alikuwa ameshavuka kwenye hatua hii ya pili. Ndiyo maana dawa za kuzuia virusi, kama oseltamivir, hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 48 za kwanza. Kwa mgonjwa mahututi bado tunazitoa hata akichelewa, lakini tunajua tunafukuzia gari lililokwisha ondoka.

Kwa hiyo, je, teknolojia ipo? Ipo, na mama ameshaitumia. Haikuja kwenye chupa.

Ile fimbo aliyoingizwa puani, kisha ikatumbukizwa kwenye maji na kudondoshewa kwenye kikaratasi chenye mistari, unaifahamu kwa jina jingine: ni ndugu wa kipimo cha haraka cha malaria na cha ujauzito. Mstari mwekundu unaojitokeza pale mara nyingi ni dhahabu. Dhahabu ya kweli, ila chembe zake zina nanomita 40 hivi, na kwa ukubwa huo dhahabu haiwi ya njano; elektroni zake hutikisika pamoja zikipigwa na mwanga, zikameza rangi ya kijani na kuacha nyekundu. Mwanasayansi Michael Faraday alizitengeneza London tangu miaka ya 1850, na baadhi ya chupa zake bado zimehifadhiwa kule. Kwenye kipimo, kila chembe ya dhahabu imevishwa kingamwili inayoshika protini ya influenza. Majimaji yanapanda kwenye karatasi, dhahabu inabeba protini, na kwenye mstari kuna kingamwili nyingine zinazoikamata. Chembe moja huioni. Zikisongamana mamilioni, unaona wekundu.

Hii ndiyo nano iliyofika hadi zahanati, na haihitaji umeme. Udhaifu wake ni kwamba vipimo vya aina hii vya influenza, hasa vya kizazi cha zamani, hukamata kama wagonjwa 50 hadi 70 tu katika kila 100 wenye ugonjwa. Kikisema "ipo", kwa kawaida amini. Kikisema "haipo" na mgonjwa anahema, usikiamini. Kwa mgonjwa mahututi kuna jambo jingine la ajabu: kirusi kinaweza kuwa kimeshaondoka puani kikabaki chini mapafuni, ukapima pua ukapata salama. Hapo makohozi au majimaji ya chini ndiyo yanayosema ukweli.

Kuziba pengo hilo ndiko nyenzo mpya zinakosaidia kweli. Badala ya dhahabu, wengine hutumia chembe za yuropiamu (metali ambayo misombo yake hung'aa) au vile vijipunje vinavyong'aa rangi kulingana na ukubwa wake, ambavyo wagunduzi wake walipewa Nobeli ya kemia mwaka 2023. Kifaa kidogo husoma mng'ao ambao jicho lisingeuona. Pia kuna njia ya kukuza chembe za urithi za kirusi. Mashine ya GeneXpert, ambayo katika hospitali zetu watu huijua kwa kifua kikuu, ina katriji za influenza pia, na majibu hutoka kabla chai haijapoa sana. Mashine tunazo. Katriji za influenza ndizo mara nyingi hazipo, na hilo ni suala la manunuzi, wala halina uhusiano na sayansi ya Ulaya.

Usione naikuza mno habari ya vipimo. Mwishoni mwa mwaka 2024, huko Panzi, mkoa wa Kwango nchini Kongo, yapata kilomita 700 kutoka Kinshasa, watu hasa watoto walikuwa wanakufa kwa homa, kikohozi na kuhema. Magazeti ya dunia yakaupa jina la "ugonjwa X". Sampuli zilisafirishwa njia mbovu za msimu wa mvua. Mwisho wa yote ilionekana ni malaria na virusi vya njia ya hewa vinavyojulikana, influenza A ikiwamo, vilivyowakuta watoto wenye utapiamlo. Hapakuwa na jini jipya. Kilichokosekana ni kipimo kinachofanya kazi pale pale mgonjwa alipo.

Grafini nayo iko kwenye kundi hili la vipimo. Ni tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja tu, lililotenganishwa Manchester mwaka 2004. Waliolitenganisha, Geim na Novoselov, wakapata Nobeli mwaka 2010. Ukilipachika kingamwili, kirusi kikitua juu yake mkondo wa umeme hubadilika, na maabara zimeonyesha kwamba inawezekana kutambua virusi vichache mno kwa dakika chache. Tatizo ni kwamba mate na makohozi yamejaa chumvi na protini zinazofunika ishara, na kutengeneza vipande elfu kumi vinavyofanana sawasawa ni kazi ngumu kuliko kutengeneza kimoja cha kuandikia makala. Lakini hata siku ikifaulu itakuwa kipimo. Grafini haimtibu mtu influenza. (Na wale mliosikia wakati wa Korona kwamba chanjo zilitiwa grafini: hazikutiwa.)

Nyenzo ninayoiheshimu kuliko zote katika mkasa wa mama ni ile iliyokuwa ikinguruma kando ya kitanda. Kama hakuwa kwenye mtungi, basi alikuwa kwenye mashine ambayo mafundi huiita konsentreta. Wengi hudhani ndani yake kuna oksijeni iliyohifadhiwa. Hakuna. Kuna mitungi miwili iliyojaa punje nyeupe kama mtama, ziitwazo zeolaiti, madini ya alumini na silika yenye vitundu vya chini ya nanomita moja. Hewa ya chumbani, ambayo ni naitrojeni asilimia 78 na oksijeni 21, husukumwa humo kwa shinikizo. Chaji zilizo kwenye vitundu huvuta naitrojeni na kuishikilia. Oksijeni hupita ikatoka upande wa pili ikiwa na usafi wa zaidi ya asilimia 90. Sekunde chache baadaye shinikizo linaachiwa, naitrojeni inatemwa nje, na mtungi wa pili unashika zamu. Ule mpumuo unaousikia, "pshh... pshh", ni huo. Punje hizi zimetengenezwa kiwandani hadi umbo la kila kitundu. Ukitaka "nano" iliyomweka mama yako hai usiku wa saba, ndiyo hii, na mtu hawezi kuiweka kwenye tangazo kwa sababu haina mvuto.

Ina adui mmoja, naye anaishi pwani. Zeolaiti hupenda mvuke wa maji kuliko inavyopenda naitrojeni. Unyevu ukipenya, vitundu vinajaa maji na haviachi. Nimewahi kuingia wodi moja ya pwani nikamkuta mgonjwa ana mdomo wa buluu huku mashine inanguruma vizuri na kijipira cha mtiririko kimesimama kwenye lita tano. Fundi alipopima usafi, ilikuwa inatoa kitu kisichotofautiana sana na upepo wa dirishani. Vichujio havikuwa vimebadilishwa muda mrefu. Tangu siku hiyo nikiona kiwango cha oksijeni cha mgonjwa hakipandi ingawa yuko kwenye mashine, kabla ya kuongeza dawa nauliza fundi yuko wapi. Watafiti wanatafuta nyenzo za kurithi kazi hiyo, hasa vile vizimba vya metali na kaboni vyenye vyumba ndani yake, vilivyowapatia wanakemia Kitagawa, Robson na Yaghi Nobeli ya mwaka 2025. Vingi kati yake navyo vinaogopa maji, kwa hiyo Tanga itabaki mtihani mzuri.

Kwa wachache ambao hata mashine ya kupumulia imeshindwa, kuna pafu la nje: damu inatolewa, inapitishwa kati ya nyuzi za plastiki zenye uwazi katikati, inachukua oksijeni na kurudishwa mwilini. Plastiki iitwayo polimethilpenteni ndiyo iliyobadilisha mambo, kwa sababu nyuzi za zamani zilivuja majimaji ya damu mapema, hizi hustahimili siku nyingi. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuata wagonjwa 180 wa mapafu yaliyoshindwa: waliopelekwa kituo chenye huduma hiyo, asilimia 63 walikuwa hai bila ulemavu mkubwa miezi sita baadaye, dhidi ya 47 ya waliobaki na matibabu ya kawaida. Ni msaada wa kweli. Ila huhitaji timu nzima kukesha na mgonjwa mmoja, na kwa hospitali ya mkoa ambayo usiku mmoja inakosa oksijeni, mimi ningetumia fedha hiyo kwa fundi na vichujio.

Sasa tiba yenyewe ya nano, ya kuua kirusi mwilini. Kinachofanyika maabara kinapendeza kukisikia. Influenza hujishika kwenye seli kwa kukamata sukari fulani iitwayo asidi ya sialiki; kwa hiyo watu wametengeneza vijipira vilivyovishwa sukari hiyo, kirusi kije kiking'ang'anie kijipira kiiache seli. Ni chambo tu, kama cha mvuvi. Wengine, wa chuo cha Georgia Tech cha Marekani, mwaka 2021 walionyesha kwamba mkasi wa kukata chembe za urithi za kirusi unaweza kubebwa na polima (molekuli ndefu kama mnyororo), ukavutwa kwa mvuke hadi mapafuni mwa panya, na influenza ikapungua. Nilipousoma nilifurahi. Kisha nikauliza swali langu la siku ya ngapi. Panya hupewa tiba kabla au karibu sana na kuambukizwa. Mama yako alifika siku ya tano, vifuko vyake vimejaa maji, mvuke hauwezi hata kufika pale unapotakiwa. Karibu kila ninachokisoma kinatibu hatua ya kwanza kikitangazwa kama kinatibu ya pili. Kwa tiba hizi, jibu la "lini" ni kwamba hata huko Ulaya hazijafika kitandani kwa mgonjwa wa influenza. Hamjaachwa nyuma.

Nano iliyokwisha ingia mikononi mwa watu kwa mabilioni ni vile vitone vya mafuta vilivyobeba maelekezo ya chanjo za Korona, ambazo msingi wake uliwapa watafiti Karikó na Weissman Nobeli mwaka 2023. Chanjo za influenza za njia hiyo zimefika kwenye majaribio makubwa ya watu. Lakini mimi ninayoisubiri kwa hamu zaidi ni plasta. Ina sindano ndogo ndogo zisizofika mshipa, zilizotengenezwa kwa polima na sukari, na chanjo ndani yake. Unaibandika kwenye kifundo cha mkono, zinayeyuka, unaibandua na kutupa. Jaribio moja kwa watu lilifanyika Atlanta, Marekani, kwa watu wazima 100 na kuchapishwa mwaka 2017. Kinga iliyopatikana ililingana na ya sindano, na chanjo ndani ya plasta ilidumu mwaka mzima kwenye joto la nyuzi 40. Chanjo tuliyonayo sasa inataka friji ya nyuzi 2 hadi 8. Fikiria kituo cha afya chenye umeme wa kubahatisha, uone kwa nini namsifu mtengeneza plasta kuliko mtengeneza chambo. Bado haijaingia sokoni.

Kwa mama, hizo 150,000 zina kazi. Kwanza chanjo ya influenza ya sindano, ambayo hospitali na kliniki kadhaa za binafsi mijini huwa nayo. Mnaitafuta kila mwaka kwa sababu kirusi hubadilika sura, na ukiipata uliza imetoka friji gani. Ikioana vizuri na virusi vya msimu, hupunguza hatari ya kuugua influenza hadi kwenda kwa daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Huku kwetu karibu na ikweta kirusi huzunguka karibu mwaka mzima, kwa hiyo usisubiri "msimu". Kama ana nia ya Hija au Umra, apate kabla ya safari. Muulize daktari wake pia kuhusu chanjo ya nimokokasi, bakteria wa nimonia.

Pili, kile kifaa cha kubana kidoleni cha kusoma oksijeni. Nacho kina ujanja wake: hupitisha taa nyekundu na nyingine isiyoonekana, na kwenye ngozi nyeusi mara nyingine husoma juu kuliko ukweli. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 uliona wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe wakiwa na oksijeni ya chini huku kifaa kikisema wako sawa. Kwa hiyo kikisoma 93 na mama anahema, usibishane na kifaa, mpeleke. Chini ya 90 ni dharura hata akisema hajambo. Na kama kucha zina piko au rangi, mbane kidole ambacho hakikupakwa, la sivyo mtakimbizana na namba za uongo.

Tatu, siku joto likimpanda tena ghafla na mwili ukimuuma, mpimeni malaria kama kawaida, lakini msirudi nyumbani kwa sababu tu malaria haipo. Semeni siku hiyo hiyo: "Huyu ana miaka 67, ana kisukari, alishalazwa kwa influenza." Sentensi hiyo inampa daktari sababu ya kuanza dawa ya virusi bila kusubiri mstari mwekundu. Dawa yenyewe haipo kila duka, kwa hiyo kesho, akiwa mzima, zungukeni famasi mbili tatu kubwa za Tanga mjue ni ipi huwa nayo, mwandike namba yao ya simu nyuma ya kadi yake ya kliniki.